Mti Umestawi, Matunda Yako Wapi?

Kuna mwembe ambao kila anayeupita huusifu. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, matawi yametanda, kivuli chake kinatosha kikao cha ukoo. Maembe tu ndiyo hauna, au unatoa ya kuhesabika. Mwenye nao huambiwa aweke mbolea, naye huweka, na mti huzidi kunenepa kwa majani.

Shida ya mti huo mara nyingi haiko kwenye udongo, iko angani. Mti wa matunda una kazi mbili, kukua na kuzaa, na hali ya hewa inayofaa kazi ya kwanza si lazima ifae ya pili. Mwembe unataka joto na mvua ili ukue, lakini unataka ukavu au ubaridi ili uzae. Mvua isipokatika, mti hauna sababu ya kuacha kuchipua. Kwa hiyo muuza miche akikuambia mche wake unastawi popote, huenda anasema kweli tupu. Unastawi. Muulize kama unazaa, unazaa mwezi gani, na mti mama uko wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupanda, au aliyekwisha kupanda na anashangaa. Nimekaa zaidi kwenye maembe na maparachichi kwa sababu ndiko fedha nyingi za wakulima zinakopotea kimyakimya.

Jua uko mita ngapi

Kabla ya kuuliza bei ya mche, jua shamba lako liko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Simu nyingi zina programu inayokupa namba hiyo bure. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 za Selsiasi. Huonekana ni jambo dogo mpaka upande gari kutoka Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita 33 hivi, kona juu ya kona, lakini umepanda karibu mita 1,000 na joto limeshuka nyuzi kama 6. Chini, kando ya barabara kuu, wanauza maembe. Juu wanauza plamu, peasi na pichesi. Mvua na udongo vina sehemu yao, ila kinachotenganisha zaidi masoko hayo mawili ni baridi ya usiku.

Mwinuko peke yake hautoshi. Mashamba mawili ya kijiji kimoja, moja mgongoni mwa kilima na jingine bondeni, hayapati usiku unaofanana. Hewa baridi ni nzito. Usiku mtulivu usio na mawingu huteremka taratibu na kutuama mabondeni, na katika nyanda za juu kama Makete na Njombe, mwezi wa Juni au Julai, asubuhi yake unakuta sakitu: umande umeganda juu ya majani. Mche mchanga wa parachichi unaungua kwa usiku mmoja wa namna hiyo, huku wa jirani aliye mita chache juu yako ukisalimika.

Ukiweza, nunua kipimajoto kinachoshika joto la juu kabisa na la chini kabisa la siku. Kining'inize kivulini, kimo cha kifua, mbali na ukuta na bati. Mvua unaweza kuipima kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya mwanafunzi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Andika kwenye daftari, na pembeni andika tarehe maua yalipotoka na tarehe uliyovuna. Daftari la miaka mitatu la shamba lako linashinda ushauri wa mtu asiyelijua.

Ukikosa vifaa, waulize wazee wa hapo maswali mawili. Ni miezi mingapi mfululizo hupita bila mvua? Na ni mwezi gani watu hawalali bila blanketi? Majibu hayo yanakupa nusu ya uamuzi.

Mwembe unahitaji kiu

Mwembe hutoa maua kwenye ncha za machipukizi yaliyokomaa. Chipukizi changa, lile lenye majani ya rangi ya shaba, halitoi ua hata ulibembeleze. Katika nchi za joto linahitaji kukaa miezi minne au mitano bila kuchipua tena, na kinachoupumzisha mti ni udongo kukauka au usiku kupoa chini ya nyuzi 20 hivi. Pwani yetu mambo hayo mawili hukutana baada ya masika. Mvua hupungua kuelekea Juni, kipupwe kinaingia, na kati ya Juni na Agosti miembe mingi inachanua. Mavuno makubwa huja Novemba hadi Januari.

Ukilielewa hilo, ratiba ya kazi inajipanga yenyewe. Pogoa mara tu unapomaliza kuvuna, Januari au Februari. Machipukizi mapya yatatoka na mvua za masika na yatakuwa yamekomaa majira ya maua yakifika. Ukisubiri mpaka Mei ndipo uchukue msumeno, kipupwe kitakuta mti umejaa majani machanga, na mwaka umepotea. Samadi na mbolea yenye naitrojeni ziwekwe masika yanapoanza. Baada ya hapo acha. Usimwagilie wala usirutubishe mpaka uone maua, na maji yarudi pale viembe vinapofikia ukubwa wa punje ya njugu. Anayeumwagilia mwembe mkubwa mwezi wa Juni kwa kuuhurumia ndiye anayeuchelewesha. Mche mdogo ambao haujafika umri wa kuzaa ni habari nyingine. Huo mwagilie kiangazi chote.

Maua yakishatoka, adui anabadilika. Mvua ikinyesha mfululizo wakati wa maua, chavua inasombwa, inzi hawaruki, na ugonjwa wa chule unayafanya mashada kuwa meusi kama yaliyopigwa na moto. Inzi nimewataja makusudi. Kwenye mwembe wao hufanya sehemu kubwa ya uchavushaji kuliko nyuki, kwa hiyo kupulizia sumu ya wadudu mti ukiwa kwenye maua ni kujikata mwenyewe.

Ugonjwa mwingine, ubwiriunga, hauhitaji mvua. Wenyewe hupenda usiku wa ubaridi wenye unyevu hewani na mchana mkavu, hali ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaifahamu kwa jina lake. Ukiona unga mweupe kwenye mashada tayari umechelewa kidogo. Salfa hufanya kazi vizuri ikitangulia ugonjwa, tangu vitumba vinapoanza kurefuka.

Wapo wanaopulizia potasiamu naitreti ili mwembe uchanue mapema. Njia hiyo ilivumbuliwa Ufilipino na mtaalamu wa mimea Ramon Barba katika miaka ya 1970. Kabla yake wakulima wa huko walikuwa wakifukiza moshi chini ya miembe siku nyingi mfululizo ili kuishawishi. Mchanganyiko wa potasiamu naitreti huwa kati ya asilimia 1 na 4, kutegemea aina ya mwembe, na hufanya kazi katika nyanda za joto pale tu machipukizi yanapokuwa yamekomaa. Ukipulizia machipukizi machanga umetupa fedha. Mimi ningeanza na msumeno wa Januari kabla ya kufikiria dawa.

Upande wa baridi kuna mpaka wake. Usiku unaposhuka chini ya nyuzi 15 maua yakiwa wazi, chavua hudhoofika, na unapata viembe vidogo visivyo na mbegu hai ambavyo havikui. Ndiyo maana juu ya mita 1,200 hivi mwembe unaanza kuwa kamari. Mwembe uliopandwa karibu mita 1,900, kimo cha mji wa Njombe, ni wa kivuli.

Parachichi: asubuhi na alasiri

Bei ya Hass imewafanya watu wapande parachichi hata pasipofaa. Hass, aina iliyopewa hatimiliki mwaka 1935 na Rudolph Hass wa California, inapenda mchana wa nyuzi 20 hadi 25 na usiku wa ubaridi wa wastani. Kwetu hilo ni kati ya mita 1,200 na 2,000 hivi. Ukiishusha kwenye joto la pwani inakua, lakini matunda yanakuwa madogo na mnunuzi wa nje hayataki. Watu wa pwani wana maparachichi yao makubwa ya maji yanayostahimili joto, na soko la Dar es Salaam na Mombasa linayanunua vizuri tu. Sioni haja ya kuiga Rungwe ukiwa Mkuranga.

Jambo la ajabu la mparachichi ni ua lake. Kila ua hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike, linapokea chavua. Linafunga, kisha kesho yake linafunguka likiwa dume, linatoa chavua. Hass ni kundi A, ambalo maua yake ni jike asubuhi, na kesho yake alasiri ni dume. Fuerte ni kundi B, na mpangilio wake umepinduka, jike alasiri na dume asubuhi ya pili yake. Kwa hiyo asubuhi Fuerte anatoa chavua wakati Hass anaihitaji, na alasiri wanabadilishana. Panda Fuerte mmoja kwa kila Hass nane au kumi, uwatawanye shambani, usiwapange pembeni kama uzio.

Saa hiyo ya maua inaendeshwa na joto. Siku zikiwa za baridi na mawingu, maua huchelewa kufunguka, awamu ya jike inasogea alasiri au usiku, na nyuki, ambao kwa baridi kali hubaki mzingani, hawafiki. Mti unaweza kufunikwa na maua elfu kwa elfu na ukabakiza matunda ya kapu moja. Mizinga michache karibu na shamba inasaidia sana, kwa sababu nyuki waliopo jirani watatumia hata saa mbili za jua. Fuerte wenyewe ndio wanaoyumba zaidi kwenye baridi ya maua, ingawa mti wake ni mgumu. Jina hilo la Kihispania lenye maana ya nguvu ulipewa kwa kunusurika baridi kali ya California ya mwaka 1913.

Mahali pa sakitu, panda kwenye mteremko na uache bondeni kwa mboga au majani ya mifugo. Usizibe chini ya mteremko kwa ua mnene, maana hewa baridi itakosa pa kutokea na itatuama kwenye miche yako. Kwa miaka miwili ya mwanzo, jengea kila mche kibanda cha nyasi kuanzia mwisho wa Mei.

Maji yaliyotuama yanaua mparachichi haraka kuliko kiu. Kuoza mizizi hakuna tiba ya uhakika. Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, yakiisha jaza tena. Asubuhi ya pili ukikuta maji bado yamo, tafuta sehemu nyingine au panda juu ya tuta pana.

Jambo la mwisho kuhusu Hass ni tarehe ya kuvuna. Tunda haliivi likiwa mtini, na mlimani kwenye baridi linachukua muda mrefu zaidi kukomaa kuliko chini, hata kwa miezi kadhaa. Usivune kwa sababu wilaya nyingine imeanza kuvuna. Wanunuzi wazuri hukausha kipande cha tunda na kupima kinachobaki. Kikiwa kidogo, tunda litasinyaa badala ya kulainika, na jina la eneo lenu lote litaharibika sokoni.

Chungwa la kijani

Muheza chungwa huiva likiwa kijani. Rangi ya ganda haitokani na utamu, inatokana na baridi. Ili kijani kiondoke na manjano ya dhahabu itokee, usiku lazima upoe hadi nyuzi 13 au 14 kwa muda, na nyanda za chini za Tanga ni nadra kupata usiku wa hivyo. Machungwa ya Afrika Kusini yanayong'aa madukani yana majira ya baridi nyuma yake. Hakuna mche utakaokuletea rangi hiyo Muheza, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Joto hilohilo, kwa upande mwingine, hupunguza ukali, na ndiyo maana chungwa la Muheza lina utamu laini. Pima ukomavu kwa kulikata na kuonja, au kwa uzito wake mkononi, na umfundishe mnunuzi wako kufanya vivyo hivyo.

Michungwa huchanua baada ya kiu. Ikikaa miezi miwili hivi kwenye ukavu kisha mvua ikanyesha ya kutosha, maua hutoka ndani ya wiki tatu au nne. Sehemu zenye masika na vuli hupata maua mara mbili kwa mwaka, ndiyo maana mti mmoja unaweza kubeba vitunda na machungwa makubwa kwa pamoja. Hatari iko kwenye mvua ya uongo, ile inayonyesha wiki moja Oktoba, ikaamsha maua, halafu ikakatika. Jua la nyuzi 36 na udongo mkavu huangusha vitunda vyote. Kama una maji kidogo tu kwa mwaka mzima, yahifadhi kwa wiki sita za kwanza baada ya maua. Hata hivyo usitaharuki ukiona vitunda vingi chini. Mchungwa wenye afya huangusha sehemu kubwa ya vitunda ulivyobeba, na hilo si ugonjwa.

Matufaha na zabibu: majira ya baridi ya kutengeneza

Nitasema waziwazi kuhusu tufaha, yaani epo la dukani. Mti wake ulizaliwa kulala wakati wa baridi, na aina nyingi za Ulaya huhitaji mamia ya saa, pengine 1,000, za joto la chini ya nyuzi 7 ndipo ziamke sawasawa. Hata Lushoto mwezi wa Julai haifiki huko. Mti usipolala vizuri huamka nusunusu, majani nchani, matawi matupu katikati, maua machache yanayotoka kwa zamu. Anayekuuzia mche wa tufaha upande Dodoma au Kibaha anakuuzia pambo.

Kwenye nyanda za juu kuna njia. Chagua aina zinazotosheka na baridi ndogo. Zinazojulikana zaidi ni Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden ya Bahamas, ambazo mahitaji yake ni kama saa 300 au pungufu. Zipande pamoja kwa sababu zinachavushana. Kisha jifunze kwa wakulima wa Batu, Java ya Mashariki nchini Indonesia. Hawana majira ya baridi, wako kwenye tropiki kama sisi, lakini wanavuna matufaha mara mbili kwa mwaka. Wiki chache baada ya mavuno hupukutisha majani yote kwa mkono. Mti uliovuliwa majani kabla haujalala huamsha vitumba vyake na kuchanua upya. Ukijaribu, fanya mwanzoni mwa kipindi kikavu ili maua yasikutane na mvua, na uyainamishe matawi yaliyosimama wima kwa kamba, kwani tawi lililolala hutoa maua zaidi.

Dodoma wanafanya kitu cha jamii hiyo kwa mzabibu, na wamekifanya kwa miaka mingi. Mzabibu nao ni wa nchi za baridi. Pale, karibu mita 1,100, mvua za takriban milimita 600 hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na baridi ya kuulaza haipo. Mkasi umechukua nafasi ya baridi. Ukipogoa leo, mti unachipua, na miezi minne hivi baadaye unavuna. Kwa hiyo kuna mavuno ya Februari na Machi, na mavuno ya Agosti na Septemba. Hayalingani. Zabibu za kiangazi huiva kwenye jua kali na usiku wa ubaridi, zina sukari nyingi na magonjwa machache. Za masika hunywa maji, hupasuka, hushikwa na ukungu. Ukiwa na uwezo wa kumwagilia, weka nguvu zako kwenye upogoaji wa Aprili na Mei, na ule mwingine uuchukulie kama ziada.

Haya kwa haraka

Papai hubadili tabia kwa joto. Mpapai wenye maua ya jinsia mbili, ukikutana na joto kali na kiu, huanza kutoa maua ya kiume na unaacha kuzaa kwa muda. Ukikutana na baridi, matunda hutoka yamejikunja na kuwa na makovu. Usiung'oe, subiri majira yapite. Maji yakituama siku mbili kwenye mizizi, hapo ung'oe.

Pasheni ya zambarau ni ya milimani, ya manjano ni ya pwani. Usizibadilishe. Ya manjano hufungua maua mchana na inategemea wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, basi waachie magogo makavu machache. Mvua ikinyesha ua likiwa wazi, punje za chavua hupasuka na ua hilo halifungi tunda.

Mgomba hauna msimu wa maua, unahesabu majani. Kwenye joto la kutosha hutoa jani jipya kila wiki moja au zaidi kidogo, na usiku wa chini ya nyuzi 16 unaupunguza mwendo. Ndiyo sababu mkungu wa mlimani unaweza kukugharimu mwaka mmoja na nusu wakati wa nyanda za chini unavunwa mapema zaidi. Ukipanga fedha za ada kwa ndizi za mlimani, hesabu hivyo.

Nanasi huchanua lenyewe usiku unapopoa katikati ya mwaka, hivyo mananasi ya eneo zima huiva pamoja na bei huanguka. Wakulima wa Kiwangwa na kwingineko huyaanzisha kwa dawa ili mavuno yagawanyike. Tunda lililoinama upande wa magharibi lifunike kwa nyasi, jua la alasiri linaliunguza.

Unachoweza kurekebisha

Huwezi kubadili mwinuko wala tarehe ya masika. Upepo unaweza kuupunguza. Pwani panga mivinje upande wa kusini-mashariki, kusi linakotokea, na kaskazini-mashariki kwa ajili ya kaskazi. Milimani mgrivea hufaa. Mstari wa miti hulinda eneo la mara kumi hivi ya urefu wake, kwa hiyo miti ya mita 8 inalinda mita 80. Uwe na upenyo. Ukuta mzito huurusha upepo juu na kuuangusha kwa kishindo katikati ya shamba.

Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 10 hupunguza joto la udongo na kuhifadhi maji, mradi usiyagusishe na shina. Shina lililoachwa wazi baada ya upogoaji mkali lipake chokaa, maana gome la mti uliozoea kivuli linapasuka kwa jua.

Jifunze pia kuhesabu mvua kwa ndoo. Mvua ya milimita 25 juu ya mti uliotanda mita 4 kwa 4 ni lita 400, ndoo 20 kubwa. Mtu anayebeba ndoo mbili jioni na kuumwagia mti mkubwa anailowesha ngozi ya udongo tu. Ni heri uupe mti mmoja ndoo nane mara moja kwa wiki kuliko ndoo moja kila siku, kwa sababu maji yanayozama ndiyo yanayoifuata mizizi.

Majira yanapohama

Mti unaoupanda leo utakuwa shambani miaka 30. Joto linapanda, na kila nyuzi 0.6 zinazoongezeka ni sawa na kulishusha shamba lako mita 100. Ukiwa katikati ya eneo la tunda lako huna haraka. Ukiwa kwenye ukingo wake wa chini, kama anayepanda Hass mita 1,200, fikiria upya, au changanya na maembe. Ukiwa kwenye ukingo wa juu, muda uko upande wako. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kisha kuenea kote, naye hupenda joto, kwa hiyo watu wa milimani wasijione wako mbali naye.

Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya vuli na kabla ya masika usiwaachie wakulima wa mahindi peke yao. Ukisikia vuli itakuwa "wastani hadi juu ya wastani", kama ilivyokuwa mwaka 1997 na mwaka 2023 El Niño ilipotawala, maembe yako ya pwani yatakomaa mvuani. Fungua katikati ya mti upate hewa, pulizia dawa ya kopa kabla mvua haijaanza, okota kila embe lililoanguka ulifukie chini zaidi ya nusu mita, na vuna mara mabega ya embe yanapojaa bila kungoja rangi. Ukisikia "chini ya wastani", waangalie wenye michungwa. Wakusanye nyasi za matandazo mwezi wa Septemba, wajaze matangi, na mvua ya kwanza ikiamsha maua wahesabu wiki sita.